Mjane Mchangamfu: opereta moja, filamu tatu zisizofanana

Waketishe watu watatu waliowahi kuiona filamu iitwayo Mjane Mchangamfu, uwaulize inahusu nini. Wa kwanza atakwambia mjane mwenyewe ni mwanamke wa nchi ndogo ya kifalme huko Ulaya, tajiri kiasi kwamba akihama na mali yake nchi nzima inafilisika. Wa pili atakataa katakata: mjane ni Mmarekani, na fedha zinazogombewa zimetoka Marekani. Wa tatu atawashangaa wote wawili, kwa sababu filamu aliyoiona yeye ina mwanamke mcheza dansi ambaye hawi mjane mpaka hadithi imekwenda mbali, na humo ndani hakuna hata mmoja anayesikika akiimba. Mara anaingia wa nne, aliyewahi kujifunza piano, anasema: "Hiyo si filamu hata kidogo. Hiyo ni opera."

Mabishano ya aina hii nimeyasikia zaidi ya mara moja, na yamezidi tangu filamu za zamani zianze kuonekana kwenye simu, zikiwa zimekatwa vipande vya dakika mbili mbili bila mwaka wala jina la mwongozaji. Watatu wa kwanza wote wanasema kweli. Wa nne amekaribia, ila ametumia neno lisilo lenyewe. Naipenda sana kazi hii, na inanisikitisha kuona watu wakiiacha njiani kwa sababu tu hakuna aliyewafungulia mlango.

Tuanze na hilo neno. Opera ni mchezo wa jukwaani ambamo karibu kila kitu huimbwa. Mtu akiomba maji anaimba, na akijibiwa kwamba maji hakuna, anajibiwa kwa wimbo. Waimbaji wake hufundishwa miaka mingi ili sauti zao zivuke okestra nzima na kufika kiti cha mwisho bila kipaza sauti. Opereta ni ndugu yake mdogo aliye mchangamfu. Humo watu huzungumza kama tunavyozungumza mimi na wewe, hutaniana, hugombana, kisha jambo likizidi uwezo wa maneno ya kawaida huingia kwenye wimbo, na wimbo ukikolea huinuka wakacheza.

Kwa msomaji wa Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, mfano ulio karibu ni filamu ya Kihindi. Hakuna aliyekaa mbele ya Awaara ya mwaka 1951 akauliza kwa nini Raj Kapoor ameacha kuzungumza akaanza kuimba barabarani. Anayetazama anajua kwamba hapo moyo umejaa, na wimbo ndiyo njia yake ya kufurika. Ukiweza kuielewa filamu ya Kihindi, opereta umeshaielewa zaidi ya nusu.

Jina lenyewe hupotosha. Kwa Kiitalia opereta maana yake ni opera ndogo, na wengi hudhani ni opera fupi. Si fupi. Mjane Mchangamfu ikichezwa jukwaani huchukua saa mbili na zaidi. Kilicho kidogo ni mzigo: badala ya miungu na vifo vya kutisha kuna wapenzi, wivu, mbio za kujificha nyuma ya mlango, na mwisho ndoa. Ilizaliwa Paris katika miaka ya 1850, mikononi mwa Jacques Offenbach, ikahamia Vienna ambako Johann Strauss mwana aliitia walzi, na katika tarehe 30 Desemba 1905, kwenye ukumbi wa Theater an der Wien mjini humo, ikatoka hii tunayoizungumzia. Kwa Kijerumani iliitwa Die lustige Witwe. Muziki ni wa Franz Lehár, mtoto wa kiongozi wa bendi ya jeshi ambaye naye aliwahi kuongoza bendi ya jeshi. Hadithi na maneno ya nyimbo ni ya Viktor Léon na Leo Stein, walioazima kiini chake kutoka kwenye mchezo wa kuchekesha wa Mfaransa Henri Meilhac. Liweke moyoni hilo la kuazima, tutalihitaji mbele.

Na walzi? Ni mdundo wa tatu: moja nzito, mbili nyepesi, moja nzito, mbili nyepesi, huku mwanamume na mwanamke wameshikana wakizunguka. Wazee waliokulia kwenye klabu za dansi za pwani na Dar es Salaam waliujua vizuri, pamoja na foksitroti. Kwa tuliokuja baadaye inatosha kukumbuka kwamba walzi ni dansi ya watu wawili kuwa karibu kabisa mbele za watu bila kusema kitu. Hapo ndipo hadithi yote ilipojificha.

Hadithi yenyewe ya jukwaani ni hii. Kuna nchi ndogo maskini iitwayo Pontevedro, na kuna mjane wake mmoja, Hanna Glawari, aliyerithi kutoka kwa marehemu mumewe, mfanyabiashara wa benki, faranga milioni 20. Hanna yuko Paris. Vijana wa Kifaransa wanamzunguka kama nyuki. Akiolewa na mgeni, fedha zinaondoka naye na Pontevedro inakwisha. Balozi, Baron Zeta, anaamua dawa ni kumwoza kwa Mpontevedro mwenzake, na anayemwona anafaa ni kijana wa ubalozini, Danilo, ambaye mchana analala na usiku yuko Maxim's, mkahawa wa kweli uliofunguliwa Paris mwaka 1893 na uliojulikana kwa shampeni na wanawake wachangamfu.

Asichokijua balozi ni kwamba hawa wawili waliwahi kupendana. Wakati ule Hanna alikuwa binti wa watu wasio na kitu, na mjomba wa Danilo hakukubali. Sasa ni tajiri. Danilo bado anampenda, lakini anaona wazi kwamba kila mwanamume anayemwambia Hanna "nakupenda" anaiambia mali. Basi anaapa kwamba yeye neno hilo hatalitamka kamwe. Hanna naye ameapa moyoni kwamba asipolitamka, hampati.

Fundo lote ni hilo. Mapenzi yapo, wote wawili wanayajua, na mdomo umefungwa na fedha. Ukilishika fundo hilo, vitimbi vingine vyote vinakaa mahali pake, hata vile vya mke wa balozi, Valencienne, na Mfaransa Camille anayemtaka. Camille amemwandikia kwenye upepeo wake wa mkononi maneno "nakupenda," na upepeo ukapotea, ukazunguka mikononi mwa watu mchezo mzima. Kwetu upepeo huo ungekuwa kanga. Mwanamke anayevaa kanga yenye jina "Japo sipati tamaa sikati" na kupita nayo uani hajasema neno, na mtaa mzima umesikia. Valencienne naye hujibu kwenye upepeo ule ule, kwa maandishi, kwamba yeye ni mke mwenye heshima zake.

Hapa pana dhana moja niiondoe, kwa sababu kwa mila zetu inauma. Watu wakisikia "mjane mchangamfu" hudhani ni hadithi ya mwanamke anayefurahia kifo cha mumewe, na aliyelelewa akijua eda ya miezi minne na siku kumi hushtuka. Sivyo. Uchangamfu wa Hanna ni wa mtu aliyewahi kukataliwa kwa umaskini, sasa anatakwa kwa utajiri, na ameamua kucheka kuliko kulia. Yeye ndiye mwenye akili kuliko wote jukwaani. Wanaume wanapanga mipango juu yake kama wagawa mirathi, na kila mpango anauona unakuja kabla haujafika mlangoni.

Mwisho ni wake pia. Anatangaza mbele ya watu kwamba, kwa wosia wa marehemu, akiolewa tena atapoteza mali yote. Wanaume wengine wanarudi nyuma. Danilo, aliyekuwa akisubiri hilo bila kujua, anasema palepale: nakupenda. Ndipo Hanna anamalizia sentensi aliyoikata katikati: mali ataipoteza yeye, kwa sababu itahamia kwa mume mpya.

Kati ya kiapo na wosia kuna ile walzi. Wawili hawa wanacheza pamoja bila kusema. Katika sehemu ya pili muziki unapita tu na wao wanauimba kwa kuvuma, midomo imefumbwa. Maneno yanakuja mwishoni kabisa, na yanaanza hivi: midomo imenyamaza, fidla zinanong'ona, nipende. Lehár aliipa okestra kazi ya kusema kile ambacho wahusika wamekula kiapo kutokisema. Kwa maoni yangu hakuna wimbo wa mapenzi wa zama zile uliokaa vizuri zaidi ndani ya hadithi yake.

Kazi ikaenea kwa kasi ya ajabu. Ilipofika London mwaka 1907, kwenye ukumbi wa Daly's, ilichezwa mara 778. New York iliipata mwaka huo huo, ikachezwa mara 416. Wanawake wakanunua kofia pana kama sinia walizoziita kofia za Mjane Mchangamfu, kwa kuiga ile ya Lily Elsie, mwigizaji wa London. Na huko London Hanna akawa Sonia, Pontevedro ikawa Marsovia. Yaani kazi ilikuwa imekwisha kubadilishwa majina kabla kamera haijaigusa. Anayeuliza "filamu ipi imefuata ile asili" anauliza juu ya kitu kilichozaliwa kwa kuazima, na kilichoendelea kuazimwa na kushonwa upya kila kilipohamia mji mwingine, kama wimbo wa taarabu unaotoka kwa msanii mmoja kwenda kwa mwingine na kupata ubeti mpya njiani.

Pontevedro haiko kwenye ramani, usiitafute. Ila kila mtu wa wakati ule alijua inaashiria Montenegro. Danilo lilikuwa jina la mwana mrithi wa nchi hiyo, Zeta ni jina la eneo lake, na katibu wa ubalozi jukwaani anaitwa Njegus, kwa kucheza na jina la ukoo wa watawala wake. Wenyewe hawakuchekeshwa, na una haki ya kuwaelewa: si jambo dogo nchi yako kuchezwa kila usiku mjini kwa wakubwa kama mahali pa watu masikini, wavivu na wanaotafuta mali ya mjane. Filamu ya kwanza ya Hollywood ilipotoka, Danilo yule wa kweli, ambaye wakati huo hana tena nchi ya kurithi kwa kuwa Montenegro ilikuwa imemezwa na ufalme mpya wa Waserbia na jirani zao, aliishitaki kampuni ya MGM katika mahakama ya Ufaransa, na akashinda.

Sasa tuje kwenye filamu. Kampuni hiyo hiyo, MGM, iliitengeneza mara tatu: 1925, 1934 na 1952. Kila mara ilikuwa na swali moja mezani: jukwaani wimbo ndio unaosema yaliyofichwa, kwenye skrini nani atasema?

Mwaka 1925 swali lilikuwa gumu kweli, kwa sababu filamu zilikuwa bubu. Watu wengi leo hucheka wakisikia kwamba opereta ilifanywa filamu isiyo na sauti. Wanadhani watazamaji walikaa kimya saa mbili wakiangalia midomo ikichezacheza. Lakini filamu bubu haikuwa kimya. Ukumbi mdogo ulikuwa na mpiga piano, ukumbi mkubwa ulikuwa na okestra kamili mbele ya skrini, na filamu hii ilitolewa na muziki uliopangwa na William Axt na David Mendoza, ambamo nyimbo za Lehár zilikuwemo. Mtazamaji wa New York mwaka 1925 aliisikia walzi ikipigwa na watu wazima wenye fidla, hatua chache kutoka kitini pake. Tunaoitazama kimya kwenye simu leo ndio tuliopunjwa.

Mwongozaji alikuwa Erich von Stroheim, mzaliwa wa Vienna. Yeye alichukua hadithi akaisukuma nyuma. Nusu kubwa ya filamu yake ni mambo yaliyotokea kabla opereta haijaanza: mcheza dansi wa Kimarekani, Sally, anayeigizwa na Mae Murray, anampenda Danilo wa John Gilbert, wanazuiwa kuoana, na kwa uchungu anaolewa na baroni mzee mwenye mali anayekufa usiku wa harusi. Ni filamu nzito na yenye giza kuliko jukwaa lilivyowahi kuwa. Lakini itazame sehemu ya ukumbi wa dansi. Sally yuko jukwaani, na wanaume watatu wanamtazama kwa darubini. Kamera inatuonyesha kinachoonwa na kila mmoja. Baroni mzee anaangalia miguu, na miguu tu. Mrithi wa kiti cha ufalme, Mirko, anaangalia mwili. Danilo anaangalia uso. Hakuna kilichosemwa, na tumeshawajua wote watatu mpaka mwisho wa filamu. Stroheim hakuwa na wimbo, basi akaifanya kamera iimbe.

Ya mwaka 1934 ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na sitajifanya nimesimama katikati. Aliiongoza Ernst Lubitsch wa Berlin, mtoto wa fundi nguo. Sauti ilikuwa imeshafika, kwa hiyo aliwachukua waimbaji wawili waliokuwa tayari wamefanya naye kazi, Maurice Chevalier na Jeanette MacDonald. Nyimbo za Lehár zikaandikiwa maneno mapya ya Kiingereza na Lorenz Hart. Na kwa kuwa zamani zile soko la Ufaransa lilitaka Kifaransa cha kweli, filamu ilipigwa mara mbili, Kiingereza na Kifaransa, na nyota wale wale wawili waliimba lugha zote mbili.

Utadhani Lubitsch, akiwa na sauti na waimbaji, angeiacha walzi ifanye kazi yote. Hakufanya hivyo. Alijifunza kazi enzi za filamu bubu, na tabia ile haikumtoka. Mfano ni mkanda. Danilo hapa ni kapteni wa walinzi wa mfalme. Mfalme Achmed, mnene, anatoka chumbani kwa malkia na kwenda zake. Danilo, anayelinda mlango, anaingia. Mlango unafungwa, na kamera inabaki nje na sisi. Mfalme anakumbuka amesahau upanga na mkanda wake, anarudi, anaingia, anatoka navyo bila kushuku chochote. Anatembea akiufunga mkanda kiunoni. Haufungi. Anavuta, haufiki hata nusu ya tumbo. Anautazama, na uso wake unabadilika. Mkanda huu ni wa mtu mwembamba.

Hatukuonyeshwa kitu na hatukuambiwa kitu, na hakuna mtazamaji ambaye hakuelewa. Ni kazi ile ile ya upepeo wa Camille, ni kazi ile ile ya walzi: jambo lisilosemeka limepewa kitu kingine kilisemee.

Mfano wa pili ni mjane mwenyewe. Sonia amevaa nyeusi tangu juu mpaka chini. Kamera inapita juu ya vitu vyake: kofia nyeusi, viatu vyeusi, shela nyeusi, nguo za ndani nyeusi, mpaka mbwa wake ni mweusi. Kitabu chake cha kumbukumbu za kila siku kinafunguliwa ukurasa baada ya ukurasa, na hana cha kuandika. Halafu anaamua kwamba kulia kuna kikomo chake, anakwenda Paris, na mbele ya macho yetu vitu vile vile vinageuka vyeupe, kimoja kimoja, mpaka mbwa. Nilipoiona mara ya kwanza niliirudisha nyuma mara tatu kwa ajili ya yule mbwa. Jukwaani Hanna huingia tayari amezungukwa na wanaume, na kilichopita kabla tunasimuliwa. Lubitsch alikionyesha kwa sekunde chache bila msimulizi.

Katika filamu hii Sonia anamiliki asilimia 52 ya nchi yake, kwa hiyo fundo la fedha limebaki. Kilichobadilika ni kiapo. Danilo wa Chevalier hakuwa mpenzi wa ujanani aliyezuiwa na mjomba. Ni mwanamume aliyezoea wanawake wengi wa Maxim's, na Sonia anakwenda huko akijifanya mmoja wao, Fifi, ili amwone alivyo. Swali limehama kutoka "atasema lini?" kwenda "akisema, nimwamini?" Wapo wanaosema hapo Lubitsch aliiharibu opereta. Mimi naona aliupeleka mdomo uliofungwa mahali pengine: kwa Danilo wa jukwaani neno "nakupenda" ni zito mno kulitamka, kwa Danilo wa Chevalier limetamkwa mara nyingi mpaka halina uzito, na anapolihitaji kweli hana neno lingine.

Filamu ilitoka mwaka ule ule ambao Hollywood ilianza kuzitekeleza kwa ukali kanuni zake za maadili, na ikapunguzwa baadhi ya vipande. Hata hivyo ilipata Oscar ya usanifu wa mandhari, na ukiona ukumbi wa dansi wa ubalozini utajua ni kwa nini.

Ya mwaka 1952 nitaipitia haraka. Ina rangi, ina magauni, ina Lana Turner akiwa mjane wa Kimarekani aitwaye Crystal Radek, na Fernando Lamas kama Danilo, ambaye anamdhania katibu wa mjane ndiye mjane mwenyewe. Katibu huyo ni Una Merkel, aliyekuwa malkia katika ile ya 1934. Kinachowachanganya watu hapa ni sauti. Lana Turner hakuimba. Aliyemwimbia ni Trudy Erwin. Lamas aliimba mwenyewe. Mtazamaji wa Ulaya akiambiwa hivyo hujiona amedanganywa. Sisi tuliokua na Mukesh akimwimbia Raj Kapoor, na Lata Mangeshkar akiwaimbia waigizaji wa kike wa vizazi kadhaa, hatuoni ajabu. Tofauti ni kwamba India ilimtangaza mwimbaji, jina lake likauza kanda, wakati Hollywood mara nyingi ilimficha. Kasoro yake kwangu haiko kwenye sauti ya kuazima. Ni filamu nzuri kwa macho, lakini kila mtu anasema kila kitu, na palipo na maneno mengi fidla hazina cha kunong'ona.

Walzi yenyewe ilitoka ikaenda zake. Mwaka 1943 Alfred Hitchcock aliitia kwenye Shadow of a Doubt, filamu ya mtu anayewaua wajane matajiri, na muziki ule ule mtamu ukawa wa kutisha.

Kutisha kwenyewe kulikuwa nje ya kumbi za sinema pia, na sioni haki kuisimulia opereta hii bila kulisema. Hitler aliipenda. Mke wa Lehár, Sophie, alizaliwa Myahudi, na Lehár alibaki katika nchi za utawala ule huku muziki wake ukipigwa kwa heshima zote. Viktor Léon, aliyeandika maneno, alikuwa Myahudi. Alifariki Vienna mwaka 1940, mji ulioimba maneno yake ukiwa umemgeuka. Louis Treumann, mtu wa kwanza kabisa kumwigiza Danilo usiku ule wa Desemba 1905, alipelekwa kambi ya Wanazi ya Theresienstadt, akafia huko mwaka 1943. Lubitsch, naye Myahudi, alivuliwa uraia wa Ujerumani mwaka 1935, mwaka mmoja baada ya filamu yake. Ninapoitazama Paris yake ya kujengwa studio, iliyojaa mwanga na vioo, siwezi kuacha kufikiri kwamba ulimwengu ule aliutengeneza kule California wakati wenyewe ulikuwa unawafungia mlango watu kama yeye.

Kwa anayetaka kuanza, aanze na hiyo ya 1934, na asiitazame kwa vipande. Ni dakika kama 100 tu. Baadaye atafute opereta yenyewe ikichezwa jukwaani, alisikie lile la fidla katika sehemu yake, kisha ndipo amrudie Stroheim, akiwa na walzi tayari kichwani ili aipige mwenyewe ndani kwa ndani pale filamu inaponyamaza.

Na akifika kwenye dansi ya ubalozini, asiwakodolee macho Chevalier na MacDonald peke yao. Awaangalie wanaowazunguka. Jozi kwa jozi, suti nyeusi na magauni meupe, zinamiminika kwenye korido ndefu ya vioo mpaka huwezi kujua ni wangapi walio watu na wangapi ni vivuli vyao, moja nzito, mbili nyepesi, moja nzito, mbili nyepesi, na katikati yao wawili ambao bado hawajaambiana kitu.